Mabilioni ya korona ya Texas yalikwenda wapi? Jibu kwa ndugu zangu wa Tanga

Kwenye kundi letu la ukoo swali limerudi tena, safari hii limeletwa na mjomba: "Texas mlipewa mabilioni ya korona, mgao wako wewe uko wapi?" Najibu kwa kirefu, maana nikijibu kwa kifupi naonekana nina mkono wa birika.

Tutenganishe kwanza. Kuna hela zilizoingia mfukoni mwa mtu moja kwa moja kutoka Washington, yaani serikali kuu ya Marekani: dola 1,200 mwaka 2020, dola 600 zilizopitishwa Desemba mwaka huohuo, na dola 1,400 Machi 2021. Hizo nilipata, na mabati ya nyumba ya bibi mnayajua. Mabilioni anayoyasema mjomba ni mengine. Yametokana na sheria aliyosaini Rais Biden tarehe 11 Machi 2021, ya dola trilioni 1.9, ambamo bilioni 350 zilitengwa kwa majimbo, kaunti, miji na makabila ya wenyeji. Serikali ya jimbo la Texas ikaangukiwa na takribani bilioni 16.

Sasa huku kila jimbo lina bunge lake, na hili la kwetu ni kioja. Linakaa mara moja kila miaka miwili, siku 140, basi. Mbunge analipwa dola 7,200 kwa mwaka, ukiacha posho. Mimi ninayeogesha wazee namzidi mshahara mheshimiwa! (Shemeji anayeota ubunge aje huku aone.) Wakishafunga kikao, wa kuwaita tena ni gavana peke yake, kwa siku zisizozidi 30, na hoja za kujadiliwa anazipanga yeye.

Ndiyo maana fedha za korona za mwanzo ambazo jimbo lilipewa 2020 ziliamuliwa na gavana na wakubwa wachache wa bajeti, bunge likiwa majumbani. Wabunge hawakupenda. Mwaka uliofuata wakashikilia kwamba hizi mpya zigawiwe na wao, kwenye kikao maalumu. Gavana Greg Abbott akawaita, lakini mwaka huo mambo yalikuwa moto: Julai wabunge zaidi ya 50 wa chama cha Democratic walipanda ndege wakakimbilia Washington ili akidi isitimie, wakipinga sheria ya uchaguzi. Muswada wa mgao ukaja kupita Oktoba 2021, kikao maalumu cha tatu, ukagawa zaidi ya bilioni 13 kwa mpigo.

Fungu kubwa kuliko yote, dola bilioni 7.2, lilikwenda kulipa deni. Huku waajiri wanachangia mfuko unaowalipa watu waliopoteza kazi. Korona ilipoingia, mfuko wa Texas ulikauka kabla nusu ya 2020 haijaisha, jimbo likakopa Washington ili liendelee kulipa. Deni lile lingebaki, waajiri wangepandishiwa makato. Kwa hiyo fedha za serikali kuu zilitumika kuilipa serikali kuu, na aliyepumua ni mwajiri. Sheria ilikataza majimbo kutumia hela hizo kufidia punguzo la kodi. Kuzuia makato ya waajiri yasipande kukaruhusiwa. Mwanasheria atawaeleza tofauti yake, mimi naiona nyembamba.

Lakini nisiwe mnafiki. Deni lenyewe lilitokana na watu kulipwa. Hoteli anayofanyia kazi mume wangu ilipofungwa, tulikula kwa mfuko huo. Kinachonikera ni kwamba gavana huyohuyo, Juni 2021, alikata nyongeza ya dola 300 kwa wiki iliyokuwa inatoka Washington kwa wasio na kazi, akisema ajira zipo tele. Miezi michache baadaye mabilioni yakapatikana ya kuwanusuru waajiri.

Mkumbuke Oktoba ileile ya 2021 Rais Samia alizindua matumizi ya mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3, mkajengewa madarasa 15,000 nchi nzima. Ulikuwa mkopo, tutaulipa, na kelele za ubora wa majengo nilizisikia. Ila darasa mtu unakwenda unagusa ukuta. Deni lililolipwa huwezi kulipiga picha ukaitumia kwenye kundi la ukoo.

Sisi wa nyumba za wazee tulitajwa: zaidi ya dola milioni 370 za kuwabakiza wafanyakazi kwenye nyumba za wazee na huduma kama hizo. Mtu wa kazi hii hakuomba mwenyewe, aliyeomba ni mwenye kituo. Pale nilipokuwa tulipata bonasi ya mara moja, mshahara ukabaki palepale, wenzangu wakaendelea kuhama. Kiasi cha nusu bilioni kilikwenda kwenye intaneti ya vijijini, na bilioni 2 nyingine kwenye mapambano ya ugonjwa wenyewe, ikiwemo wauguzi wa kukodi. Hao wa kukodi walilipwa vizuri mno, jambo ambalo sisi wa kudumu hatukulisahau.

Na msidhani ni Texas tu. Alabama, Oktoba hiyohiyo, bunge lao lilichota dola milioni 400 za fungu hili kusaidia kujenga magereza.

Waliofaidi waziwazi miongoni mwetu ni waliolipiwa pango la nyumba, kwa fungu tofauti lililokuja kwa ajili hiyo tu. Maombi mapya yalifungwa Novemba 2021, waliochelewa wakabaki na makaratasi yao.

Sasa binamu, huyo aliyekuambia WhatsApp kwamba kuna masalia ya hela za korona za Marekani, na kwamba ukilipia fomu utaingizwa kwenye orodha: fedha za majimbo zilitakiwa ziwe zimeshafungiwa mikataba ifikapo 31 Desemba 2024, na hazikuwa na fomu ya mtu aliyeko Tanga. Usimtumie hata mia.