Wasomaji wanauliza: kazi za vikundi, simu na wanaotegea

Nafundisha mwaka wa kwanza chuoni. Vikundi ni vya watu wanane, kila kimoja kina grupu la WhatsApp na hati moja ya Google. Bado wanagawana vipengele, kila mtu anaandika kivyake, na usiku wa kuamkia siku ya kukusanya mmoja anaviunganisha. Ukiwauliza, kila mmoja anajua kipande chake tu. Nitumie programu gani? (Mhadhiri, Morogoro)

Mwalimu, programu ulizonazo zinatosha. Wanafunzi wako hawana vituo vya kusimama na kuulizana: tumeelewa nini, tumekwama wapi, tunabadilisha nini? Ila kwanza punguza watu hadi wanne. Katika wanane, wawili wakitegea hakuna anayeshtuka.

Kwa kazi ya wiki mbili weka vituo vitatu vya dakika 15: siku ya kwanza, katikati, na siku mbili kabla ya kukusanya. Kwenye kila kituo mwanafunzi ajaze fomu ya Google, akijipima kwa 1 hadi 5: naelewa kazi inataka nini, najua hatua inayofuata, kazi inanivutia, naamini kikundi chetu kitaiweza. Siku ya kwanza ongeza swali la kuandika: kwa maneno yako, kazi hii inadai nini? Usiliache hilo. Majibu ya wanafunzi wote wanne yakiwekwa pamoja, mara nyingi ndipo wanapogundua kwamba kila mtu alikuwa anajiandaa kufanya kazi tofauti.

Kila mmoja ajaze peke yake kwanza, ndipo majibu yafunguliwe mbele ya wote. Wakianza kwa kuzungumza, msemaji mkuu atasema "tumeelewa" na wengine wataitikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland, akiwemo Sanna Järvelä, walitengeneza zana zinazofuata mantiki hiyo. Mojawapo, S-REG, hupokea tathmini ya kila mwanafunzi kisha huonyesha hali ya kikundi kwa taa ya kijani, njano au nyekundu. Lakini taa nyekundu haimkwamui mtu; kazi inaanza pale kikundi kinapojadili imewaka kwa nini.

Kwa hiyo wakishaona majibu, wachague kikwazo kimoja na kuandika juu kabisa ya hati: kikwazo ni nini, tutafanya nini, nani atafuatilia na lini. "Tutajitahidi zaidi" ikatae, haina mtu wala siku. "Hadi Jumatano saa mbili usiku kila mmoja awe amesoma kipande cha mwenzake na kuacha maswali mawili pembeni" inakubalika, na ndiyo itakayoua huo ugonjwa wa kila mtu na kipande chake.

Fomu usiipe maksi, la sivyo wote watajaza 5. Toa maksi kwa mpango uliotekelezwa au uliorekebishwa kwa sababu ya maana. Ukiwa na ruhusa ya kuhariri hati, historia ya matoleo itakuonyesha nani aliandika nini na lini. Isome kwa tahadhari: aliyeandika kwenye Word kisha akabandika ataonekana kafanya kazi ya dakika moja, na aliyeazima simu ya mwenzake hataonekana kabisa.

Mimi ni kiongozi wa kikundi. Nikiuliza kwenye WhatsApp "mmefika wapi?" wanasoma na kunyamaza. (Mwanafunzi, Eldoret)

Aliye nyuma ana aibu kujibu swali hilo, na aliye mbele haoni haja. Tuma kura yenye majibu manne: nimemaliza, naendelea vizuri, nimekwama, sijaanza. Zima uwezo wa kuchagua jibu zaidi ya moja. Atakayesema amekwama apigiwe simu siku hiyohiyo, na asiyeanza asisimangwe. Ukimsimanga, kura ijayo atakudanganya. Kumbuka kura za WhatsApp huonyesha majina, kwa hiyo ziulizie maendeleo tu. Kama ni "hamnisikilizi" au "sielewi kabisa", tumia fomu isiyokusanya barua pepe. Na uongozi wenyewe upokezaneni kila wiki, usije ukawa wewe ndiye unayefikiri kwa niaba ya wote.

Shule yetu haina intaneti. Tuna kishikwambi kimoja kwa kila kikundi. (Mwalimu wa sekondari, Songea)

Mpe kila mwanafunzi kadi tatu za rangi: kijani, njano, nyekundu. Achague moja, ailaze kifudifudi, kisha zigeuzwe zote kwa mpigo, maana akitangulia mmoja na kijani wengine watamfuata. Penye nyekundu usikimbilie. Wape dakika tatu wajadiliane wenyewe, wasije wakazoea kukungoja. Kishikwambi kipige picha kadi na kurekodi sauti ya dakika moja: tumekwama wapi, tutafanya nini. Kipindi kinachofuata wasikilize rekodi hiyo kabla hawajafungua daftari.