Mkuu, usikate hiyo tiketi ya Desemba

Mkuu, leo sikusalimii, utanisamehe. Uzi wako nimeusoma mara mbili na nimeshindwa kupita. Umesema umetengana na mzazi mwenzio tangu Machi, mna binti wa miaka 9 na wa kiume anayetimiza 7 Novemba. Shule zikifunga Desemba utawachukua "kwa likizo", uwapeleke kwa mama yako Singida, na wakishafika huko hawarudi tena Dar. Halafu umeuliza mambo matatu: uwaweke shule ya serikali pale kijijini au bweni, umtumie bibi kiasi gani kwa mwezi, na kama kuna haja ya wakili.

Hayo matatu yasubiri. Kuna sentensi umeipitisha katikati kama vile ni jambo linalojulikana na kila mtu: "si mtoto akifika miaka saba ni wa baba kisheria."

Nani kakwambia?

Mimi niliambiwa na kishoka mmoja, wakili wa kujifanya, aliyekuwa na meza yake ya kuchapa barua nje ya mahakama, mwaka 2017. Nilimlipa elfu hamsini. Alinifungulia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, akaweka kidole kwenye kifungu cha 125, akasema: "Unaona hapa? Chini ya miaka saba kwa mama. Kwa hiyo saba ikitimia, kwa baba. Wewe subiri tu." Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, mimi nikaridhika na tafsiri yake, nikasubiri. Nilihesabu miezi mpaka mwanangu atimize miaka 7, kama mtu anayesubiri mzigo bandarini.

Kifungu hakisemi hivyo, mkuu. Kinasema mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa kuwa ni vema awe na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Papo hapo mahakama inaambiwa iangalie madhara ya kumvuruga mtoto kwa kumhamisha. Basi. Hakuna mahali pameandikwa kwamba siku ya birthday ya saba anageuka kuwa wa baba. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, ndipo yanafuata matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila zenu. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo, kifungu cha 39, inataka ndugu wasitenganishwe, malezi yasikatwekatwe, na maoni ya mtoto yasikilizwe kama ameyatoa mwenyewe bila kufundishwa. Yule bwana alinisomea nusu mstari, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa inamhusu mwanangu.

Yule mtu nina hasira naye mpaka leo. Sidai elfu hamsini yangu. Ninachodai ni kwamba alikuwa anaona kabisa kwamba mbele yake amekaa mtu aliyetengana na mkewe wiki sita zilizopita, macho mekundu, anatafuta mtu wa kumwambia uko sahihi. Akaniuzia hilo. Na vijana wa kijiweni, na baba yangu mdogo, wote walikuwa na lao: mtoto wa kiume akilelewa na mama anakuwa legelege, kesho atamwita mwanaume mwingine baba, damu yako utaiacha ipotee? Siku wito wa mahakama ulipofika, hakuna hata mmoja aliyepanda daladala twende wote.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana ndicho unachotaka kukifanya, neno kwa neno.

Wakati huo nilikuwa dereva wa malori ya transiti, Dar kwenda Lubumbashi. Mwanangu alikuwa anaishi na mama yake Mbagala, amemaliza darasa la kwanza. Nikamwambia mama yake naomba mtoto wiki mbili, nimpeleke Tukuyu akamwone bibi yake. Alinikubalia bila maneno. Akamfungia sweta mbili na daftari la kuchorea. Tukapanda basi Ubungo saa kumi na mbili asubuhi, nikampa siti ya dirishani. Pale Mikumi aliona tembo na twiga kwa mara ya kwanza, akashangilia mpaka abiria wakacheka. Akaniuliza, "Baba, na mama naye tutamleta awaone?" Nikamwambia ndiyo. Uongo wangu wa kwanza kwake ulikuwa pale.

Hesabu zangu ziliingia akilini vizuri tu. Lori langu linapita Uyole, kule Mbeya, kila safari, na Uyole kwenda Tukuyu ni mwendo wa saa moja na kitu. Nikajiambia nitakuwa nampitia kila mara, huku bibi anamlea, hewa safi, ndizi na maziwa ya kutosha, shule iko karibu. Mkuu, mzigo wa transiti una lakiri ya kielektroniki. Gari linafuatiliwa njia nzima, ukitoka nje ya barabara uliyopangiwa unaulizwa. Nilipita Uyole mara zisizopungua 30 katika miezi 16. Nilimwona mwanangu mara tano. Nakumbuka usiku mmoja nimekwama kwenye foleni Tunduma siku ya tatu, nikampigia bibi, akaniambia mtoto kalala. Ilikuwa saa mbili kasoro.

Mama yangu simlaumu hata kidogo, na hilo uliweke akilini kuhusu mama yako pia. Alikuwa na miaka zaidi ya 70, magoti yanamsumbua, na yeye mwenyewe nilimwambia ni wiki mbili. Alimlisha, alimwogesha, alimfunika. Lakini kule mvua hainyamazi, bibi akishakula saa moja usiku anataka kulala. Pale nyumbani wanaongea Kinyakyusa. Mtoto wa Mbagala hajui hata neno moja, na watoto wa shule wakawa wanamwigiza anavyoongea. Kwa hiyo kuanzia saa tisa mchana anaporudi shule mpaka anasinzia, alikuwa na binamu yake wa miaka 14 ambaye naye ana ng'ombe wa kukatia majani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Pasaka ya 2018 mama yake alifunga safari kumfuata. Alikopa nauli. Bibi akanipigia simu siku moja kabla, ananiuliza afanye nini. Nikamwambia ampeleke mtoto kwa shangazi yake Kyela mpaka huyo mwanamke aondoke. Mama yangu alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akatii, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natuma pesa. Mama wa mtoto alifika, akaambiwa mtoto hayupo. Alilala pale usiku mmoja, kesho yake akarudi Dar. Akaacha begi: mashati mawili, madaftari, na biskuti.

Mtoto aliporudishwa kutoka Kyela alilikuta lile begi kitandani. Hakuna aliyemwambia ni la nani, alilijua mwenyewe. Akamuuliza bibi, "Mama yuko wapi?" Bibi akasema ameshaondoka. Hakuamini. Alitoka nje akaanza kumtafuta, akazunguka jikoni, bandani, akaingia migombani anamwita. Mvua inanyesha. Walimtoa kule giza limeshaingia. Haya aliniambia mama yangu mwenyewe baadaye, akiwa analia, na hakuwa mtu wa kulia.

Tangu siku ile alianza kukojoa kitandani, kitu alichokuwa ameacha tangu ana miaka mitatu. Na hakumuulizia tena mama yake. Mimi, mpumbavu mimi, nikachukulia kwamba ameshazoea. Nikawaambia hata wale wa kijiweni: "Amezoea bwana, haulizi tena." Mkuu, ukisikia mtoto wako ameacha kuulizia, usifurahi. Mwisho wa mwaka shule ikasema arudie darasa la pili.

Aliyemaliza yote ni mtoto mwenyewe. Namba ya simu ya mama yake alikuwa anaijua kwa kichwa, tarakimu zote kumi, alifundishwa na mama yake tangu chekechea. Mapema 2019 aliiandika nyuma ya daftari, akampelekea mwalimu wake, akamwomba ampigie. Mwalimu akapiga. Sijui jina la mwalimu yule mpaka leo, na nikikutana naye nitampigia magoti. Wiki hiyohiyo mama yake alienda Ustawi wa Jamii, suala likafika mahakamani, nikapata wito.

Nilienda na makaratasi yangu. Slipu za mshahara, risiti za pesa za kutuma, picha za nyumba ya bibi ambayo niliiezeka upya. Hakimu aliyatazama, akayaweka chini. Akaniuliza swali moja tu: "Baba, mtoto akirudi shule nani anamfungulia mlango, na mpaka anapolala yuko na nani?" Nilisimama pale. Nikataja jina la mama yangu, nikasita, nikataja la binamu. Akaandika. Akamwuliza mama yake swali lilelile. Mama yake, anayeuza vitumbua na maandazi, chumba kimoja na sebule ya kupanga, akasema: "Mimi. Saa nane nakuwa nimeshamaliza kuuza." Hakimu akaandika tena. Kabla ya hapo afisa ustawi alikuwa ameshakaa na mtoto peke yao, na taarifa yake ilikuwa mezani. Aprili mwanangu akarudi Mbagala. Siku za kwanza alikuwa anamjibu mama yake kwa Kinyakyusa.

Kwa hiyo swali la nyumba ya nani nzuri, nani ana kipato, ukoo wa nani, liweke chini. Chukua karatasi, andika siku saba za wiki, kila siku andika jina la mtu atakayekuwa na wanao kuanzia wanatoka shule mpaka wanalala. Hilo mimi naliita jina la jioni. Kama majina mengi si lako wala la mama yao, hapo hapafai, hata pawe na umeme na maji na shamba. Yale ya Singida yameshajiandika, ni bibi. Bibi ni wa kutembelewa likizo, na watoto uwarudishe kweli likizo ikiisha. Kuna watoto wanalelewa na bibi kwa sababu wazazi hawapo, Mungu awabariki bibi hao. Wako mpo wote wawili, wazima, mji mmoja, mnachukiana tu.

Na ukiona majina ya mama yao ni mengi kuliko yako, usijisikie umeshindwa. Badilisha jioni zako. Mimi niliacha malori, mshahara ukapungua karibu nusu, sasa naendesha gari la kusambaza bidhaa hapahapa mjini. Nikahamia Rangi Tatu, kwa miguu dakika 15 mpaka kwa mama yake. Jumatano na Ijumaa jina ni langu, na Jumapili tunagawana. Tuliandikishana mbele ya afisa ustawi, bure, kila mtu na nakala yake. Umwendee huyo kwanza wa kata yenu kabla hujamwendea mtu mwenye meza barabarani. Usiende ukiwa na mtoto ulishamficha, kwa sababu kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mwenye haki ya kumlea nako kuna kifungu chake.

Bweni kwa umri huo lisahau, tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa awali mpaka darasa la nne labda iwe kwa kibali. Na lingekuwepo, jina la jioni lingekuwa la matroni.

Najua humu kuna wanaokuja kusema mama wa mtoto wangu alinilisha kitu. Njooni, kahawa ipo, ila mkishakunywa na nyie mniandikie majina yenu saba.

Mwanangu sasa ana miaka 15. Tunacheka, tunaangalia mpira, ananizidi urefu. Chumbani kwangu nimemnunulia kabati lake na funguo nimempa. Miaka sita sasa, akija kulala kwangu nguo hazitoi kwenye begi. Anachomoa anayoivaa, anafunga zipu, begi analiweka mlangoni. Sijawahi kumwuliza kwa nini.

Ukishaandika, rudi hapa uweke majina ya Jumatatu mpaka Jumapili. Nasubiri, silali.