Kuwafanya wanafunzi wa gredi ya 6 wapende kusoma: yaliyonifaa darasani Eastlands

Mwalimu aliyeuliza ameeleza kwamba ana darasa la gredi ya 6 lenye wanafunzi zaidi ya 60 katika shule ya umma huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kwamba kila akisema "fungueni vitabu" nyuso zinakunjamana, na kwamba anafikiria kununua zawadi ili awavute wapende kusoma. Nimefundisha Kiswahili katika shule za aina hiyo kwa muda mrefu. Wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa wachuuzi, makanga, mafundi wa jua kali na akina mama wa vibandani, kwa hiyo nitajibu kutokana na niliyoyaona darasani.

Niutangulize msimamo wangu ili asiyekubaliana nao asipoteze muda. Watoto wetu wanapenda hadithi sana. Kinachowachosha ni maswali yanayoingojea hadithi mkiani. Tangu gredi za chini mtoto huzoea kwamba kila kifungu cha ufahamu kina maswali yake, kila kitabu kina jaribio lake, na mwalimu akimwita asome kwa sauti ni kwa sababu anataka kujua nani hajui. Mtoto wa namna hiyo husoma kama shahidi anayejiandaa kwenda mahakamani: anawinda majibu, na kisa chenyewe kinampita. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mwalimu, tenga katika wiki yako usomaji usio na swali, usio na alama, na usiodai muhtasari. Ufahamu una kipindi chake na mtihani upo palepale. Huu ni usomaji mwingine wa kuwekwa kando yake.

Pa kuanzia ni sauti yako mwenyewe. Chagua dakika 10 za wakati ambapo darasa limelegea. Kwangu ni mara baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa wametoka kwenye foleni ya Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shuleni, na jua la saa nane likipiga mabati. Wasomee hadithi ndefu, sura baada ya sura, na ukatize pale ambapo mlango umegongwa na bado haijajulikana ni nani yuko nje. Funga kitabu uendelee na vivumishi vyako. Watanung'unika, nawe waache wanung'unike. Nilikuwa na mvulana mmoja wa dawati la nyuma, aliyejulikana na walimu wote kwa utoro, ambaye siku moja aliingia ofisini akijifanya ameleta chaki, ilhali macho yalikuwa kwenye kitabu kilichokuwa mezani pangu. Hakukiomba. Aliuliza tu, "Mwalimu, yule mzee alifungua?" Nilimjibu kwamba jibu liko ukurasa unaofuata, nikampa kitabu na kumtaka akirudishe kabla ya kengele. Alikirudisha kidole kikiwa kimebanwa katikati ya kurasa, mbele sana ya ukurasa niliomwonyesha, na akaniuliza kama angeweza kuweka kipande cha karatasi pale alipofika.

Usomaji huo wa sauti una ufundi wake. Isome sura nyumbani kwanza ili ujue mahali pa kushusha pumzi, uwape wahusika sauti zinazotofautiana kidogo, na usisimame kueleza kila neno gumu, kwa maana neno likirudi mara mbili tatu ndani ya kisa mtoto hulikisia mwenyewe, na asipolikisia atauliza. Mwalimu anayekatiza kila aya kuuliza "nini maana ya neno hili?" ameurudisha mtihani kupitia dirishani.

Baada ya hamu kuamka, watataka vitabu, na hapo ndipo shida ya kweli inapojitokeza. Tangu mwaka wa 2018 serikali hupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, jambo lililotusaidia sana, lakini vitabu vya hadithi ni vichache, na vile vichache mara nyingi vimo kabatini, kufuli limening'inia, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu. Simlaumu. Ni mali ya shule, ukaguzi utakuja, na kikipotea kimoja ni lazima mtu alipe. Mzazi naye analijua hilo, ndiyo maana humwonya mtoto asilete kitabu cha shule nyumbani. Katika chumba kimoja chenye jiko, mitungi ya maji na mdogo wake anayejifunza kutambaa, kitabu cha shule ni deni linalonyemelea.

Suluhisho langu ni sanduku ambalo si mali ya shule. Mkaazi yeyote wa Nairobi anawajua wauzaji wa vitabu kuukuu tunaowaita Inama, ambao hutandaza vitabu kando ya njia katikati ya jiji na mteja huinama kuchagua. Pale kitabu cha mtoto hupatikana kwa shilingi 50 au 100, hasa ukinunua kadhaa kwa pamoja na kujua kubembeleza bei. Madukani bei ni nyingine kabisa, na ushuru wa VAT wa asilimia 16 uliowekewa vitabu mwaka wa 2013 haukumsaidia mzazi yeyote ninayemjua. Tatizo la Inama ni kwamba vitabu vingi vya watoto vimetoka ng'ambo, vimejaa theluji na majumba ya kifalme, na vya Kiswahili ni vya kutafuta. Pengo hilo nimelijaza kwa tovuti ya African Storybook, ambayo hadithi zake, zikiwemo za Kiswahili, zina leseni huria inayomruhusu mtu kuzichapisha bila malipo. Zipeleke kwenye saiba iliyo karibu na shule, zichapishwe, uzibane kwa stepla, uzifunike kwa karatasi ya kaki na kuzipa nambari. Wanafunzi wawili wawe wakutubi wenye daftari la kukopesha. Chagua wale wasiopewa madaraka kwa kawaida, utashangaa watakavyolilinda.

Kanuni za sanduku ni mbili tu. Ya kwanza ni kwamba kitabu kikipotea hakilipwi. Mweleze mwalimu mkuu mapema, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba vitabu hivyo havimo katika orodha ya mali ya shule, kisha uwaeleze wazazi vivyo hivyo kwenye mkutano wa gredi. Baadhi vitapotea, na usishangae ukisikia baadaye kwamba kimojawapo kinasomwa na dada mkubwa aliye sekondari. Ya pili ni kwamba mtoto ana ruhusa ya kukiacha kitabu kisichomvutia, akirudishe na kuchukua kingine bila kuulizwa sababu. Walimu wenzangu wengi hawaipendi kanuni hii ya pili, wakisema inafundisha uvivu, lakini mimi sijamwona mtu mzima anayemaliza kila gazeti analoshika.

Sasa nije kwa jambo ambalo swali halikuligusa, na ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika darasa la watoto 60 wa gredi ya 6 wapo wasioweza kusoma. Hujificha kwa fujo, kwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani, au kwa kunong'onezewa na jirani. Mtoto anayekwama kwenye "mbw" na "ng'o" hawezi kusaidiwa na hamasa ya aina yoyote, wala sanduku lako halitamfaa, kwa sababu anachohitaji ni kitabu chepesi cha gredi ya 2, na hataki kabisa kuonekana nacho. Dawa niliyoipata ni kumpa kitabu hicho kama kazi. Nilikubaliana na mwalimu wa gredi ya 2 kwamba kila Ijumaa baadhi ya wanafunzi wangu wangekwenda kuwasomea watoto wake, mmoja kwa mmoja, na kwamba kila msomaji angefanya mazoezi ya kitabu chake wiki nzima. Kwa vitabu, nenda stoo: mpango wa Tusome, ulioanza mwaka wa 2015 kwa shabaha ya kumpa kila mtoto wa gredi za chini kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, uliacha nakala katika shule nyingi, na zile kuukuu zinakufaa zaidi kwa sababu hakuna anayezigombania.

Usiwachague dhaifu peke yao. Wachanganye na hodari, la sivyo siri itafichuka siku hiyohiyo. Nakumbuka msichana mmoja ambaye hakuwahi kunisomea sentensi nzima kwa sauti. Alifanya mazoezi ya kitabu kimoja kutoka Jumatatu, wakati wa mapumziko, midomo ikitembea bila sauti na kidole chini ya kila silabi, na Ijumaa akaketi kwenye benchi lililokuwa fupi mno kwake na mtoto wa miaka 7 akimwegemea. Alipofika penye fisi, mtoto alimwambia, "Rudia hapo." Akarudia, safari hii kwa sauti ya fisi. Ijumaa iliyofuata aliomba kitabu chenye maneno mengi zaidi, kwa madai kwamba yule mtoto alikuwa amekichoka kile cha kwanza. Sikuhoji.

Kuhusu maandishi yasiyo vitabu, usiyadharau. Nairobi ni mji wenye maandishi kila mahali, na watoto wetu huyasoma bila kujijua: majina ya matatu, mabango ya mikutano ya injili, vibao vya vinyozi, tangazo la kibandani linalosema mkopo ni kesho. Nilipowaambia wanakili maandishi matano waliyoyaona njiani wakienda nyumbani, waliokuwa wagumu wa kusoma walileta mengi kuliko wengine, na tukatumia kipindi kizima cha dakika 35 tukijadili nani anamwambia nani nini, na kwa nini mwenye kibanda hakuandika tu kwamba hakopeshi. Gazeti la Taifa Leo nalo hufanya kazi nzuri, hata la juzi. Baada ya debi ya Mashemeji, bandika ukutani ripoti ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, usiseme neno, kisha uangalie wavulana wakisongamana pale kama watu wazima wanavyosongamana kwenye meza ya muuza magazeti, wakibishana kuhusu aliyetoa pasi ya bao.

Wakibishana, watabishana kwa Sheng, lugha yao ya mtaani, na hapa nawaomba walimu wa Kiswahili wenzangu wasinipige mawe. Kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu na kitabaki hivyo, lakini mtoto anapomsimulia rafikiye kisa alichokisoma, mwache asimulie kwa lugha anayoota nayo. Ukimrekebisha ngeli katikati ya msisimko, atanyamaza, na kesho hatasimulia tena. Insha ndiyo mahali pa kumdai usanifu.

Wazazi wanaoweza kuwapeleka watoto maktabani Jumamosi wapo, ila wengi hawajui kwamba inaruhusiwa. Waeleze kuhusu matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara, ambayo yamekarabatiwa na yana vitabu vya watoto. Makao yake makuu yale ya nguzo katikati ya jiji yalifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miongo mitatu Mwafrika hakuruhusiwa kuyatumia. Nikiwasimulia watoto jambo hilo huwa wanakasirika, kisha wanataka kwenda.

Na zawadi ulizoziulizia? Mimi sizitoi. Katika shule moja niliyopata kuitembelea walimpa kalamu na daftari aliyesoma vitabu vingi zaidi kwa muhula, na watoto wakaanza kuchagua vitabu vyembamba, wengine wakisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Mshindi alikuwa na orodha ndefu, na hakuna kisa hata kimoja alichoweza kukieleza. Ukiwa na fedha za zawadi, nunulia sanduku vitabu. Bora zaidi, mwache mtoto aliyekipenda kitabu asimame dakika mbili awasomee wenzake ukurasa mmoja alioupenda, kisha akae. Foleni ya kukiazima kitabu hicho huanza kabla hajafika kwenye dawati lake.

Utaulizwa, bila shaka, alama ziko wapi. Naibu wa mwalimu mkuu ataona wanafunzi wakisoma na wewe ukisoma kitabu chako mbele yao (ndiyo, nawe soma, na simu iwe mkobani), aseme kipindi kimepotea. Mtaala wenyewe unakutetea, kwa kuwa usomaji wa mapana umo katika silabasi ya Kiswahili. Uandike kwa jina hilo katika azimio la kazi mwanzoni mwa muhula, uutengee vipindi vyake katika andalio la somo, na katika rekodi ya kazi uandike sura mliyosoma na idadi ya vitabu vilivyoazimwa wiki hiyo. Daftari la wakutubi liweke karibu na mlango, maana afisa wa elimu akiingia ndilo atakaloliomba kwanza.