Kabla hujashea, kumbuka wewe ni Mkristo

Naandika haya kwa ndugu zangu katika Kristo wanaoishi na kufanya kazi na watu wa kila aina, wa chama hiki na kile, wa dini hii na ile na wasio na dini kabisa, na kila siku wanajiuliza niseme au ninyamaze. Mi nimeishi hivyo miaka mingi sasa, ofisini, kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwenye familia ambayo siasa ikitajwa mezani kuna mtu lazima atasusa chakula. Nilichojifunza ni hiki: watu wa upande wa pili hawaanzi kuipima imani yako kwa mistari unayopost, wanaanza na unavyowasema wao wakiwa hawapo.

"Usimshuhudie jirani yako uongo." Kutoka 20:16, tumeikariri tangu utotoni. Haijasema jirani wa chama chako, wala jirani anayesali kama wewe, imesema jirani basi. Lakini ngoja uchaguzi ukaribie uone, yaani watu waliookoka kabisa, wanaofunga na kukesha, wanashea tuhuma nzito juu ya mtu ambaye hawajawahi hata kumsikiliza akiongea dakika kumi, na wanaona wanaitetea imani.

Kuna asubuhi moja iliingia voisi kwenye grupu letu la maombi, mtu asiyejitaja jina anasema kiongozi fulani anaabudu shetani na ana mpango wa kufunga makanisa. Chini yake watu walishajaza emoji za mikono ya kuomba na "Mungu atuepushe". Sasa mimi huyo kiongozi kisiasa simkubali na kura yangu hapati, lakini nikaandika, "Wapendwa, hii habari imetoka wapi? Kuna anayemfahamu huyu anayeongea?" Kimya. Baadaye mama mmoja ninayemheshimu sana akaandika, "Kwani wewe mwanangu uko upande gani?" Nikamjibu, "Mama, mimi niko pamoja na wewe, ndo maana sitaki tushuhudie kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu amekiona." Hakujibu. Ila jioni admin akaifuta ile voisi, na kuna watu walinitumia meseji pembeni wakisema hata wao walikuwa na mashaka ila waliogopa kuonekana wasaliti.

Hilo neno wasaliti ndo shida yenyewe. Tukifika mahali ambapo kuuliza kama jambo ni kweli kunakufanya uonekane msaliti ndani ya grupu la maombi, jueni chama kimeshakaa kwenye kiti ambacho si chake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndo mkubwa kuliko yote, habari mbaya ikimhusu mtu usiyempenda ichunguze zaidi kuliko ikimhusu unayempenda, kwa sababu moyo wako tayari unatamani iwe kweli. Mithali 18:13 inasema ajibuye kabla hajasikia ni upumbavu na aibu kwake. Voisi isiyo na jina usiipeleke mbele. Skrinshoti iliyokatwa juu na chini, tafuta nzima. Mtu akishea uongo mfuate pembeni kwanza usimwaibishe mbele ya watu, na kama wewe mwenyewe ulishea na ikaonekana si kweli, sahihisha palepale uliposhea, sio kufuta kimyakimya.

Najua kuna atakayesema hapa, basi unataka tunyamaze. Hapana jamani! Martin Luther King, mchungaji wa Marekani aliyepinga ubaguzi wa rangi, alipoandika ile barua kutoka jela ya Birmingham mwaka 1963 alikuwa anawajibu viongozi wa dini wenzake waliosema maandamano yake hayana busara na yamekuja kabla ya wakati wake, na ukiisoma utaona anachukua hoja zao moja moja, anazieleza kwa haki, halafu anazijibu bila kupunguza hata kidogo kwamba ubaguzi ni dhambi. Hakuhitaji kuwazushia. Dhuluma iseme, itaje, lakini iseme kwa ukweli wake, ukiongeza chumvi umempa mdhulumu pa kutokea.

Na kusema kwako kutakuwa na uzito kama kazi zako ziko safi. Danieli tunampenda kwa lile dirisha lake lililofunguliwa kuelekea Yerusalemu, lakini sura hiyohiyo ya 6 inasema maadui walimchunguza kwenye kazi yake ya serikali wakakosa kosa kwa sababu alikuwa mwaminifu, ndo wakabaki na maombi yake tu kama kitu cha kumkamatia. Karibu mwaka 112 gavana wa Kirumi aitwaye Pliny alimwandikia mfalme Trajan kuhusu Wakristo aliokuwa anawahoji, na katika aliyoyasikia kwao ni kwamba walijifunga kwa kiapo wasiibe, wasizini, wasivunje ahadi, wasikatae kurudisha amana ya mtu. Huyo hakuwa rafiki yao, alikuwa anawaua! Sasa mimi na wewe ofisini, unasali kabla ya kula kila mtu anaona, halafu saa nane mwenzako anakuomba uandike risiti kubwa kuliko hela iliyotumika. Pale ndo hadharani kwenyewe. Mi huwa nasema tu "hapana ndugu yangu, hiyo siwezi, ila nikusaidie kuandika ile ya kweli vizuri", bila mahubiri, na mara nyingi inatosha.

Halafu ule mstari wa 1 Petro 3:15, wengi wanaishia kwenye kuwa tayari kumjibu kila mtu. Usome wote, unasema kumjibu anayewauliza, na unamalizia "kwa upole na kwa hofu". Yaani kuna mtu ameuliza. Kama hakuna anayekuuliza kitu kuhusu tumaini lako na wewe kila siku unajibu, jiangalie unaongea na nani.

Kitu cha mwisho, Yesu mwenyewe aliwaweka kundi moja Mathayo aliyekuwa anawatoza watu kodi chini ya utawala uliotegemea Warumi, na Simoni aliyeitwa Zelote, jina la watu wenye wivu mkali kwa taifa lao. Hao wawili walitembea barabara moja na kula pamoja. Kwenye kanisa lako yupo mtu wa upande ule mwingine, unamjua, mmeacha hata kusalimiana vizuri tangu kampeni zianze. Mtafute kabla ya kura sio baada, kwa sababu baada ya kura mmoja wenu atakuwa ameshinda na mazungumzo yatakuwa mengine kabisa. Muulize anachoogopa ni nini upande wenu ukishinda, halafu msikilize mpaka amalize, usimkatize hata akikosea.