Nikilala nje wikendi nzima, tiketi ni yangu?

SWALI: Kaka shikamoo. Nimepata nafasi ya masters Chuo Kikuu cha Duke, kule Durham, North Carolina. Waliotangulia wananiambia nijiandae manake mwezi wa tisa tunalala nje wikendi nzima kutafuta tiketi za basketi, mwingine anasema hapana, ni mahema na ni Januari kwenye baridi. Nimshike nani? Na nikishalala, tiketi ni yangu kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Wote wamekwambia kweli ila ni vitu viwili tofauti. Mahema ya Januari ni ya wale wa digrii ya kwanza, kambi yao inaitwa Krzyzewskiville, jina la kocha Mike Krzyzewski aliyeinoa timu toka 1980 mpaka 2022, wenyewe wanasema tu K-Ville, ilianza 1986 na hema moja lina watu mpaka 12 wanaopokezana kulinda nafasi wakisubiri mechi na Chuo Kikuu cha North Carolina, watani wao wa jadi walio hapo jirani. Hayo wewe hayakuhusu.

Yako ni ile wikendi ya mwezi wa tisa, ya watu wa masters na kuendelea, nayo ni bahati nasibu. Wengi wanakodi malori ya kuhamishia vyombo wanatandika magodoro humo ndani, halafu muda wowote, hata usiku wa manane, inalia honi na lazima ukimbie ukahakikiwe wewe mwenyewe, humtumi mtu. Nakumbuka dada mmoja saa tisa usiku, blanketi begani, ndala mguu mmoja, kadi ya chuo kaing'ata kwa meno huku anafunga nywele, na aliwahi! Ukizikosa hizo honi wanakutoa.

Ukivumilia mpaka mwisho ndo jina linaingia kwenye droo, na hapa ndo panauma, unaweza ukakesha vizuri kabisa na jina lisitoke. Likitoka bado tiketi ya msimu unailipia, kwa hiyo hela iwe tayari. Uwanja wenyewe, Cameron Indoor, ni wa 1940 na unaingiza watu 9,314 tu, ndo maana yote haya.

Mi nakwambia nenda, tena nenda na watu wa idara nyingine, marafiki nilionao mpaka leo ndo hao niliokesha nao. Beba soksi za akiba na koti la mvua. Ila kama Jumatatu una mtihani mwaka huo acha, kalale, utajaribu mwakani.