Mchana inakubali, usiku inagoma

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tukuyu, natunza kompyuta ya chama chetu cha wakulima wa chai. Kila saa nane usiku skripti kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) hutuma faili la uzito wa majani kwa sftp, njia salama ya kutuma mafaili, hadi seva yetu Mbeya mjini. Wiki iliyopita seva ilibadilishwa diski, Linux ikawekwa upya. Nilipoingia nikakutana na onyo refu kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Nikafuta mstari wa zamani kwenye known_hosts (faili linalotunza funguo za utambulisho wa seva), nikajibu yes, faili likaenda. Ila usiku logi inaandika tu "Host key verification failed". Rafiki ananiambia niweke StrictHostKeyChecking=no, yaani kompyuta isikague ufunguo wa seva, nilale zangu. Niweke?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiweke.

Hiyo cron inaendeshwa na nani? Huenda ni root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Wewe umesafisha known_hosts yako. Root ana yake, /root/.ssh/known_hosts, na humo ufunguo wa diski iliyokufa bado umekaa. Ufute:

sudo ssh-keygen -f /root/.ssh/known_hosts -R anwani-ya-seva

Hata ukishaufuta, saa nane usiku hakuna mtu wa kujibu yes, kwa hiyo ingia mwenyewe mara moja kwa sudo sftp, yaani kama root. Lakini yes yako ya juzi uliijibu kwa kuangalia nini? Mpigie anayekaa na seva, aendeshe pale pale kwenye mashine:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Akutumie alama ya ufunguo wa seva, inayoanza na SHA256. Ukiulizwa yes au no, bandika alama hiyo yenyewe. OpenSSH, programu iliyo nyuma ya sftp, kuanzia toleo la 8.0 inailinganisha, na isipofanana haikubali, inakuuliza tena.

Hiyo =no ya rafiki yako inaua ulinzi wenyewe. Seva bandia inaweza kukubali ufunguo wako wowote wa kuingilia utakaoipa, ikameza faili la wakulima, na skripti ikakuandikia kwamba kazi imekwisha salama.

Angalia pia anwani iliyoandikwa ndani ya skripti. Mimi niliwahi kukesha Mwanjelwa mpaka daladala za Uyole zikaanza kupiga honi, kumbe najaribu kwa jina la seva wakati skripti inatumia namba ya IP. Kwa known_hosts hizo ni anwani mbili. Na kama mlango (port) wa seva si 22, kwenye amri ya -R anwani huandikwa hivi, pamoja na alama za kunukuu: "[anwani]:2222".