MS67 mbili, mwaka mmoja, bei mbili: jibu kwa aliyeuliza kuhusu dola za Morgan

Mkuu, umeuliza kwa nini dola mbili za Morgan (sarafu za fedha za Marekani) za 1881-S (S ni alama ya karakana ya San Francisco), zote MS67, yaani hazijatumika na zimepewa 67 kati ya 70, na zote kwenye kasha la PCGS, kampuni inayokagua sarafu na kuzipa daraja, zimenadiwa wiki moja halafu moja ikachukua karibu mara tatu ya mwenzake. Unataka pia kujua ile ya tatu inayokuja mnadani uiwekee dau la kiasi gani. Wengi wamekujibu kwamba soko halieleweki. Kwa miaka ninayofuatilia minada hii naona linaeleweka vizuri tu, ila ukisoma namba ya kwenye kasha peke yake utakuwa umesoma nusu ya habari.

Tuanze na namba yenyewe. Kipimo cha 1 hadi 70 kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon, mwanasaikolojia, akakichapisha 1949 kwa ajili ya zile senti kubwa za shaba za mwanzo wa Marekani. Alikusudia kiwe kipimo cha bei: sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya 1. Hesabu hiyo haikudumu, soko likaitupa na kubaki na namba. (Huyu Sheldon, baada ya kufa kwake, alikuja kubainika kuwa alikuwa akichukua senti nzuri za jumuiya ya sarafu iitwayo American Numismatic Society na kuacha zake hafifu mahali pake. Kutambua ubora alijua, hilo hatuwezi kumnyima.) PCGS ilipoanza kazi 1986 na mshindani wake NGC mwaka uliofuata, namba ikafungiwa ndani ya plastiki na watu wakaanza kuinunua kama vile ni kipimo cha mizani. Ukweli ni kwamba ni maoni ya wakaguzi wachache wenye uzoefu, walioitazama sarafu kwa muda mfupi sana. Ndani ya MS67 kuna iliyoponea chupuchupu kuwa 66 na kuna iliyokosa 68 kwa mkwaruzo mmoja. Mwenye pesa nyingi anajua ipi ni ipi, na pengo ulilolishangaa wewe linatoka hapo.

Sasa 1881-S. San Francisco ilipiga zaidi ya milioni 12 mwaka ule, na nyingi hazikuwahi kuingia mikononi mwa watu. Zililala kwenye magunia ya Hazina, sarafu 1,000 kila gunia, hadi zilipomwagwa sokoni kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karakana ile ilikuwa inapiga vizuri kuliko zote wakati huo, kwa hiyo nywele juu ya sikio la Liberty (mwanamke wa upande wa mbele) na manyoya ya kifua cha tai wa upande wa nyuma karibu kila mara yako kamili. Ungekuwa unauliza kuhusu 1892-O ya New Orleans ningekuandikia kurasa kuhusu mapigo dhaifu. Kwa hii yako, suala la pigo liweke pembeni.

Kinachotenganisha bei hapa ni vitu vitatu, na cha kwanza ni mng'ao. Sarafu ambayo haijaguswa ina vijistari vidogo mno vya madini yaliyotiririka wakati wa kupigwa muhuri. Ukiiinamisha chini ya taa moja, mwanga unazunguka juu yake kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mtu akiichovya kwenye dawa ili aondoe weusi, dawa inakula vijistari hivyo pia. Ikichovywa mara moja kwa haraka huenda usitambue, ila ikirudiwa inakuwa nyeupe pee na imekufa. Nimewahi kukaa kwenye chumba cha kutazamia loti, yaani sarafu zitakazonadiwa, kabla ya mnada, nimeshika MS67 mbili za mwaka mmoja, moja kila mkono. Moja ilikuwa inawaka, nyingine nyeupe kama sahani. Kwenye katalogi picha zao zilikuwa karibu sawa, kwa sababu mpiga picha anatumia taa zinazofuta tofauti hiyo. Kama unanadi kwa kutazama skrini tu, hiki ndicho kitu usichokiona, na aliyekaa chumbani amekiona.

La pili ni mahali mikwaruzo ilipo. Magunia yalirushwa na kuburutwa, sarafu zikagongana. Mkwaruzo ndani ya nywele hauonekani, lakini huohuo ukiwa katikati ya shavu la Liberty jicho linaenda pale kwanza, na halitoki. Wakaguzi wanaweza kuzipa zote mbili 67 kwa kuhesabu, mnunuzi hahesabu. Kwenye Morgan mimi huanza na shavu, halafu uwanja wazi mbele ya uso, mengine baadaye.

La tatu ni rangi. Salfa kutoka kwenye kitambaa cha gunia au karatasi huipa fedha upinde wa bluu, zambarau na dhahabu. Rangi nzuri ya asili inaweza kuzidisha bei mara kadhaa bila namba kupanda hata kidogo, na naapa mara tisa kati ya kumi ukiona Morgan ya kawaida imeuzwa kwa bei ya ajabu, fungua picha utakuta rangi. Rangi mbaya ya kahawia yenye madoa inashusha vilevile. Hiyo mara tatu yako, kwa picha ulizobandika, naiona hapo: moja ina mwezi mchanga wa rangi upande wa kushoto, nyingine ni nyeupe na imepoa. Ile yenye rangi pia ina stika ya kijani ya CAC. Hao walianza 2007, wanatazama sarafu iliyokwisha kufungwa na wengine, wakiona imestahili namba yake kwa uhakika wanaibandika kijani, wakiona ilipewa chini ya haki yake wanaibandika dhahabu. Isiyo na stika si lazima iwe mbaya, huenda haikupelekwa. Ila kwenye madaraja ya juu, ambako kila mtu anajua stika inaongeza pesa, sarafu isiyo nayo inanifanya nijiulize kama ilipelekwa ikarudishwa.

Usisahau upande wa wanunuzi. Mnada unahitaji watu wawili tu wenye ukaidi. Kuna mashindano ya rejista, ambapo wakusanyaji wanapangwa kwa pointi kulingana na gredi za seti zao, na pointi moja inaweza kumfanya mtu alipe kichaa. Mfano unaotajwa sana ni senti ya Lincoln prufu (iliyopigwa kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya wakusanyaji) ya 1963. Seti za prufu zilizotengenezwa mwaka ule zilizidi milioni 3, lakini moja iliyopewa 70 na PCGS iliuzwa mnadani kwa dola 39,100. Wenye masanduku yaliyojaa senti hizo nao wakapeleka zao, 70 nyingine zikazaliwa, bei ikaporomoka. Uadimu wa namna hiyo unakaa kwenye lebo. Uadimu wa Morgan ya 1893-S, iliyopigwa 100,000 tu, ni kitu kingine: MS67 yake ilivuka dola milioni 2 mwaka 2021, na hakuna gunia lililofichwa linalotisha bei hiyo.

Hata huko juu kabisa namba haisemi bei. Chukua dola ya 1804, ile inayoaminika ilikuwa zawadi kwa Sayyid Said bin Sultan, huyuhuyu wetu wa Muscat na Zanzibar, iliyopelekwa na mjumbe wa Marekani 1835. Ni prufu 68, bora kuliko zote zinazojulikana. Mwaka 1999 iliuzwa dola milioni 4.14. Mwaka 2016 madau yalifika kama milioni 10 na bado mwenye nayo hakuiachia, kwa kuwa bei yake ya chini haikufikiwa. Mwaka 2021 ikauzwa milioni 7.68. Sarafu ileile, gredi ileile. Waliobadilika ni watu waliokuwa ukumbini.

Hesabu za idadi, yaani sarafu ngapi kampuni imeshazipa gredi fulani, pia zisome kwa tahadhari. Watu huvunja kasha na kupeleka tena sarafu ileile wakitumaini nusu gredi zaidi, hasa tangu PCGS ilipoanza alama ya kujumlisha (+) mwaka 2010. Lebo ya zamani isiporudishwa, sarafu moja inahesabiwa mara mbili. Huwa nahifadhi picha za loti ninazofuatilia, na nimeshakutana na Morgan yenye alama chini ya kidevu ikarudi mnadani ndani ya plastiki mpya, 66 imekuwa 66+. Alama iko palepale.

Halafu kuna kamisheni. Bei unazoziona kwenye kumbukumbu za minada kwa kawaida zimejumlisha kamisheni ya mnunuzi. Tuseme ni asilimia 20: nyundo ikigonga 1,000, kumbukumbu inaandika 1,200. Ukichukua ile 1,200 ukaiweka kama dau lako, utalipa 1,440. Na aliyeuza hakuona hata 1,200. Amepata 1,000 au chini yake, kulingana na mkataba wake na wanadi.

Kuhusu hiyo ya tatu: picha inaonyesha shavu safi, lakini mng'ao siwezi kuuona kwa taa zile. Waandikie wanadi, waombe video ikiinamishwa chini ya taa moja. Ikiwa inawaka, chukua wastani wa MS67 nyeupe za miezi ya karibuni, toa kamisheni, uongeze kidogo. Ikiwa imelala, tafuta MS66 yenye stika kwa pesa pungufu. Ile iliyouzwa mara tatu usiiweke kwenye wastani kabisa, haihusiani na hii. Video ikifika ibandike hapa tuitazame.